Gari la moshi, gari la Moshi

(Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita hapa Moshi, mbele ya walimu wa awali na wa madarasa ya chini pamoja na wazazi. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa msibani, kazini au shambani wakashindwa kufika.)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi? Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Na ninyi vijana wa chuo mliojibanza kule nyuma, nawaona. Njooni mbele, viti vipo.

Mlipoingia, kila mmoja wenu amepewa mlangoni kikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake kuna neno moja. Nawaomba msikifungue. Kitieni mfukoni au kwenye pochi. Tutavifungua mwishoni, na hapo mtaiona kazi yake.

Nimepewa saa nzima nizungumzie herufi kubwa. Najua yupo mwalimu hapa amejiuliza moyoni: saa nzima? Herufi kubwa si kazi ya dakika tano? "Jina la mtu, herufi kubwa. Jina la mahali, herufi kubwa. Mwanzo wa sentensi, herufi kubwa. Haya, andikeni." Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 26, na maneno hayo nimeyatamka mpaka ningeweza kuyasema usingizini. Kila mwaka watoto waliyaimba vizuri sana. Na kila mwaka madaftari yalirudi mezani kwangu yamejaa "neema" na "kilimanjaro" za herufi ndogo. Kanuni wanaijua, lakini hawaitumii. Kwa nini?

Aliyenijibu swali hilo hakuwa mkaguzi wala kitabu. Alikuwa mtoto wa darasa la pili, siku ya imla.

Ilikuwa Alhamisi. Watoto 81, watatu watatu kwenye dawati, wengine wanne. Nikasoma: "Baba amepanda gari la Moshi." Nikairudia mara ya pili, taratibu. Penseli zikaanza kukwaruza. Mkono mmoja ukanyooshwa karibu na dirisha. Alikuwa mtoto mkimya, sweta lake limetoboka kiwiko, na tangu Januari sikuwa nimewahi kumsikia akiuliza kitu.

"Mwalimu, ni m kubwa au m ndogo?"

"Andika unavyojua," nikamjibu. Si imla jamani?

Hakuandika. Akasimama, akasema: "Nikiweka ndogo, baba amepanda treni. Nikiweka kubwa, amepanda Hiace."

Nikaweka kitabu mezani. Walimu wenzangu, sentensi ile nilikuwa nimeisomea madarasa mengi, na hata siku moja sikuwa nimeiona. Mtoto wa miaka minane ndiye aliyenionyesha. Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni, moja juu ya nyingine:

Gari la moshi limechelewa.

Gari la Moshi limechelewa.

Naomba tuzisome pamoja kwa sauti. Wote, na wazee mlioko mbele. Moja, mbili, tatu... Asanteni. Tusome tena. Asanteni sana. Kuna aliyesikia tofauti? Hayupo. Tofauti hiyo haipo mdomoni, wala haipo sikioni. Ipo kwenye karatasi peke yake, na imebebwa na herufi moja. Ndiyo maana nasema, na leo nitalirudia neno hili mpaka mlizoee: herufi kubwa inasema kile ambacho sikio halisikii.

Wazee wetu waliita treni gari la moshi kwa sababu lilikuja likifuka kweli kweli. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Makaa na kuni za kuendeshea kichwa zimekwisha zamani, jina limebaki. Watoto wetu nao wanalijua, maana treni ya abiria ilirudi Moshi mwishoni mwa 2019 baada ya miaka mingi ya kuisikia kwenye hadithi tu. Kwa hiyo mtoto yule hakubahatisha. Alikuwa na magari mawili kichwani, akataka kujua ni lipi.

Na hebu uangalieni mji wetu. Ni mji gani mwingine umepewa zana ya kufundishia kama hii? Ukisema karanga, ni za kukaanga. Ukisema Karanga, ni kata. Majengo ni nyumba yoyote mbili tatu zilizosimama, na Majengo ni mtaa wenye watu wake na soko lake. Bondeni ni mahali popote palipoinama, na Bondeni ni mahali pamoja tu. Pasua ni amri: pasua kuni! Na Pasua ni kwetu, wengine mmetoka huko asubuhi hii. Mbuyuni, Miembeni... endeleeni wenyewe. Mama anakwenda karanga? Haiwezekani. Mama anakwenda Karanga. Mtoto akiliona hilo mara moja, hatalisahau, kwa sababu halihusu tena kumridhisha mwalimu. Linahusu mama amekwenda wapi.

Sasa jiulizeni. Kama herufi kubwa ina kazi hiyo, kwa nini tumekuwa tukiifundisha kama adabu tu, kama vile kuchomekea shati?

Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo. Shule sitaitaja, na mwalimu sitamtaja. Nilikuwa darasa la pili, nikaandika jina langu juu ya daftari kwa herufi ndogo. Nilichapwa viboko viwili mkononi, nikaambiwa jina langu halina heshima. Nilijifunza nini siku ile? Nilijifunza kuogopa. Na mtoto anayeogopa kukosa herufi kubwa anafanyaje? Anaiweka kila mahali. "Mama Yangu Anapika Ndizi Na Nyama." Muhula mzima niliandika hivyo, kila neno na herufi yake kubwa, nikidhani najikinga. Nikachapwa tena, safari hii kwa kuzidisha. Hakuna mtu aliyeniuliza, mwanangu, mbona unaandika hivi?

Walimu, mkikuta daftari la namna hiyo, nawaomba kalamu nyekundu isubiri kidogo. Kaeni na mtoto. Muulizeni. Nimewauliza wengi, na jibu ninalolipata mara kwa mara ni lile lile langu: "Nilikuwa naogopa nisije nikasahau."

Basi tunaanzia wapi? Tunaanza na jina la mtoto mwenyewe. Si majina ya milima, si majina ya marais. Jina lake.

Chukua maboksi ya sabuni dukani, mama wa duka atakupa bure ukimwomba vizuri. Yakate vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Kwenye kila kipande andika jina la mtoto mmoja, herufi ya kwanza kubwa, zinazofuata ndogo. Halafu pika gundi ya unga, mtoto apake gundi kwenye herufi ile ya kwanza peke yake na kuinyunyizia mchanga. Ikikauka, ana jina ambalo mwanzo wake unakwaruza na mwili wake ni laini. Anapitisha kidole. Kidole kinapanda juu ya mchanga, kisha kinateleza. Mtoto ambaye hawezi bado kukueleza kanuni yoyote tayari anajua kwa kidole kwamba jina lake lina mahali pa kuanzia.

Kadi hizo ndizo mahudhurio yetu. Asubuhi zinamwagwa mezani, kila mtoto anatafuta yake na kuitundika kwenye kamba. Na mara moja kwa wiki, mwalimu anaingia na kadi moja ya uongo, jina limeanza kwa herufi ndogo. Haambii mtu. Anasubiri.

Nilikuwa na binti mmoja, nitamwita Zawadi, ingawa silo jina lake. Asubuhi moja alichukua kadi ya uongo, akaitazama, akairudisha mezani. Akaja kwangu amekunja uso. "Mwalimu, hii si mimi. Hii ni kitu cha kufungwa kwenye karatasi." Miaka 6! Hakuniambia "umekosea kanuni". Aliniambia "hii si mimi". Nikampa chaki, akaandika ubaoni kwa mkono wake: Zawadi ameleta zawadi. Darasa zima likataka sentensi yake. Neema ana neema. Baraka ameomba baraka. Furaha, Amani, Tumaini, Rehema, Upendo... Watanzania tumewapa watoto wetu majina mazuri, na karibu kila moja linatembea na pacha wake wa herufi ndogo. Darasani hakukosekani watatu wanne wa namna hiyo. Watumieni hao. Na wale ambao majina yao hayana pacha wasiachwe pembeni, wawe waamuzi.

Kutoka kwenye jina la mtoto tunapanda mlima. Mlima wetu tunauona dirishani mawingu yakiondoka. Nawasimulia watoto habari ya usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge kule juu, Tanganyika ikipata uhuru. Kilele kile leo kinaitwa Uhuru, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Halafu nauliza: tulipata uhuru, u ipi? Mpanda mlima alifika Uhuru, u ipi? Wanajibu kwa mikono: kubwa juu ya kichwa, ndogo kwenye goti. Hawahitaji maelezo zaidi ya hayo. Cha kwanza ni kitu tulichokipata wote, cha pili ni mahali ambapo mtu anaweza kukanyaga.

Sasa niingie kwenye michezo yenyewe, maana najua ndiyo iliyowaleta.

Mnakumbuka nyama nyama? Nani hajacheza nyama nyama? "Nyama nyama nyama!" "Nyama!" "Nyama ya ng'ombe!" "Nyama!" "Nyama ya mbuzi!" "Nyama!" Kisha anakutegea nyama ya paka, wewe uliyelala unaruka, umetoka. Sisi tunacheza jina jina. Kiongozi anaita, "Jina jina jina!" Wote, "Jina!" Akisema "Same!", wanasimama wima mikono juu, "Jina!" Akisema "ndoo!", wanachuchumaa kimya. Arusha, juu. Sufuria, chini. Jumatatu, juu. Asubuhi, chini. Kiswahili, juu. Kitabu, chini. Mwili unakuwa herufi. Dakika kumi uwanjani, huhitaji hata kipande cha chaki.

Lakini hapa nina jambo, na naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu lilinichukua miaka kuliona. Katika nyama nyama ya nyumbani, anayekosea anatoka. Nasi tulicheza hivyo. Siku moja nilisimama chini ya mwarobaini wa shule nikimwangalia kijana mmoja aliyetolewa wa kwanza kabisa. Alikaa kwenye mzizi akichora vumbi kwa kijiti. Mchezo uliendelea, wenzake wakaruka, wakacheka, wakajifunza. Kesho yake, wa kwanza kutoka, yeye. Kesho kutwa, yeye tena. Nikajiuliza: ni nani anayehitaji mchezo huu kuliko wote? Ni yeye. Na ni nani ninayemnyima? Ni yeye. Wale wanaobaki mpaka mwisho ni wale ambao wangejua hata bila mchezo.

Tangu hapo, kwangu hakuna anayetoka. Anayekosea anakuja mbele, anakuwa kiongozi, na lazima aite maneno matatu, moja la herufi kubwa na mawili ya herufi ndogo. Yule kijana siku ya kwanza alisimama pale mbele muda mrefu sana. Wenzake walitaka kumsaidia, nikawazuia. Mwishowe akasema "mbwa". Wakachuchumaa. Akasema "kuku". Wakachuchumaa. Kisha akatabasamu, akaita jina la mbwa wao wa nyumbani. Nusu ya darasa wakasimama, nusu wakabaki chini, ugomvi ukazuka: mbwa ana jina la herufi kubwa au hana? Anayo! Mbwa ni ndogo, lakini jina lake ni kubwa. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kutoka ndiye aliyeleta swali gumu kuliko yote ya mwaka ule.

Sasa kuna kanuni ambayo jina jina haliifikii, nayo ni mwanzo wa sentensi. Hii ndiyo inayotusumbua zaidi. Na kwa maoni yangu inatusumbua kwa sababu tunatibu mguu wakati kinachouma ni mgongo. Mtoto anaandika: "mama anapika ndizi mtoto analia baba amerudi". Tunamwambia, umesahau herufi kubwa. Hakusahau herufi kubwa. Amesahau nukta! Hajui bado safari ya kwanza imeishia wapi, atajuaje ya pili inaanzia wapi?

Kwa hiyo tunacheza treni. Kila mtoto anabeba neno moja kifuani. Wanashikana mabega, wanakuwa sentensi. Wa mbele ni kichwa cha treni, na yeye peke yake anavaa kofia ya boksi. Hiyo kofia ndiyo herufi kubwa. Wa nyuma kabisa anashika kizibo cha soda, hiyo ndiyo nukta. Treni inatembea uwanjani ikijisoma. Kisha tunaleta treni ya pili nyuma yake, reli ile ile. Na mimi kwa makusudi namnyang'anya yule wa nyuma kizibo chake. Nini kinatokea? Treni ya pili haioni mwisho wa ile ya kwanza, inaigonga. Watoto wanafurahia ajali kuliko kitu chochote duniani, waacheni wafurahie. Halafu waulizeni: tufanyeje zisigongane? Watakuambia wenyewe: kizibo kwanza, ndipo kofia. Nukta kwanza, ndipo herufi kubwa.

Na mkato je? Wapo watoto wanaoweka herufi kubwa baada ya mkato, kwa sababu wanaona pale nasi tunapumua. Mkato ni mnyororo unaounganisha mabehewa, safari bado inaendelea. Mpeni mtoto mmoja kamba ashike katikati ya treni, hana kofia wala kizibo. Inatosha.

Kuna mchezo mdogo wa maumbo, "mama mtafute mwanao", vizibo vya soda vyenye herufi ndogo na mifuniko ya ndoo yenye kubwa. O, S, V, W, Z wamezaa watoto wanaofanana nao kabisa. A, B, D, G, R watoto wao wamefanana na baba. Huu wa darasa la awali, wiki mbili, basi.

Nisiondoke kwenye michezo bila kusema habari ya makosa yenye akili. Yapo makosa ambayo ukiyafuta kwa haraka unamfuta mtoto anayefikiri.

La kwanza. Mtoto ambaye jina lake linaanza na sh au ch anaandika herufi zote mbili kubwa: SH, kisha zinafuata ndogo. Ni mzembe? Hapana. Sikio lake linamwambia hii ni sauti moja, basi anainyanyua yote. Mwambie sikio lako limesikia vizuri, ila hawa wawili wakitoka pamoja, mmoja tu huvaa kofia. Nyerere: N imevaa, y haikuvaa.

La pili limenikaa moyoni zaidi. Mtoto aliandika: "Mimi ni mTanzania." M ndogo, T kubwa. Nilikuwa nimeshainua kalamu. Nikamuuliza, kwa nini T? Akanijibu, "Tanzania imo ndani." Walimu! Mtoto ameona kile ambacho wataalamu wa lugha huandikia vitabu, kwamba kuna kiambishi na kuna mzizi. Na kama angezaliwa Afrika Kusini asingekosea, maana Wazulu huandika isiZulu, herufi kubwa katikati ya neno, pale jina linapoanzia. Sisi kwenye Kiswahili tumekubaliana kofia ivaliwe mbele: Mtanzania, Watanzania, Kichaga, Mmasai. Ni makubaliano yetu. Nilimwambia hivyo hivyo, na nikamwekea vema ndogo pembeni kwa kufikiri.

Na mtoto wa madrasa atakuuliza, mbona alifu haina kubwa? Mwambie ukweli. Kiarabu hakina herufi kubwa. Herufi zake hubadilika umbo zikiwa mwanzo, katikati au mwisho wa neno, lakini hazina kubwa na ndogo. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mamia ya miaka, bila herufi kubwa hata moja. Na Warumi wa kale, ambao herufi tunazotumia leo zilikuwa zao, walichonga mawe yao kwa kubwa tupu. Ndogo zilikomaa baadaye sana, karibu na mwaka 800, enzi za mfalme Charlemagne kule Ulaya. Watoto wanapenda kusikia kwamba herufi kubwa ni dada mkubwa kweli, kwa kuzaliwa.

Ndugu wazazi, mmenyamaza muda mrefu mkidhani haya ni ya walimu. Nimewafikia.

Mtoto anaanza kusoma kabla hajafika kwetu. Anasoma wapi? Kwenye kanga ya mama, akiwa mgongoni. Kwenye kibao cha duka. Kwenye kioo cha nyuma cha daladala. Na huko kote, maandishi ni herufi kubwa tupu. Hakuna kosa, kanga inatakiwa isomeke mpaka ng'ambo ya barabara. Lakini mtoto anakuja darasani akiamini kuandika ndiko huko. Na nyumbani nanyi mmemfundisha jina lake kwa upendo mwingi: AMANI, zote kubwa, kwa sababu ni rahisi kuzichora. Nawaomba jambo moja tu. Ya kwanza kubwa, zinazofuata ndogo. Basi. Mtakuwa mmetuokolea muhula mzima.

Mama mmoja aliniambia, lakini Mwalimu, siku hizi simu inaweka herufi kubwa yenyewe. Ni kweli, ukiweka nukta, inayofuata inapanda. Lakini je, simu inajua kama unakwenda Karanga au unakula karanga? Inajua baba amepanda treni au amepanda Hiace? Haijui. Anayejua ni mwenye safari. Herufi kubwa inasema kile ambacho sikio halisikii, na kile ambacho simu haikijui.

Jioni, ukirudi na vitumbua vilivyofungwa kwenye gazeti la jana, kuleni vitumbua, gazeti msilitupe. Mpe mtoto kipande cha mkaa azungushie herufi kubwa tatu. Tatu tu. Usimuulize ngapi. Muulize, hii kwa nini? Ni jina la mtu? Ni mahali? Ni mwanzo wa safari? Na wewe mzazi uliyeishia darasa la nne, usiogope. Unawajua watu, unaijua mitaa, unazijua siku. Utaweza.

Sasa vikaratasi. Vifungueni.

Viti hivi vya mbele ni daladala. Konda wetu ni mwanafunzi wangu wa darasa la pili, njoo mama, simama hapa mlangoni. Sheria ni moja: wanaopanda ni wenye herufi kubwa peke yao, na kabla hujaweka mguu ndani unampa konda sentensi inayothibitisha kwamba herufi yako ni halali. Asiporidhika, hupandi, hata kama wewe ni mwalimu mkuu. Konda, ita abiria.

(Wakaanza kupanda. "Nimezaliwa Majengo." Panda. "Rehema ni mke wangu." Panda. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuja na fimbo yake, alifungua kikaratasi, akakisogeza mbali na macho, akasoma: moshi. Akanyanyuka, akaenda mpaka mlangoni, akamwambia konda, "Mimi nakwenda hapa hapa mjini." Binti akakichukua kikaratasi, akakiangalia, akamrudishia kwa mikono miwili. "Shikamoo babu. Hii yako ni ndogo. Subiri treni.")